Larry Crowne na daftari la mtu mzima

Nimeitazama Larry Crowne mara mbili wiki hii, usiku, nikiwa nimejifunika blanketi mbili, maana baridi ya Uyole, hapa Mbeya, mwezi Julai inaingia hadi kwenye mifupa. Kijana wa duka la muvi pale Mwanjelwa ndiye aliyeniwekea kwenye flashi. Ni filamu ya mwaka 2011. Tom Hanks ameiongoza, ameiandika pamoja na Nia Vardalos, na ameicheza mwenyewe.

Larry amekuwa mpishi katika jeshi la majini la Marekani kwa miaka 20, kisha akaajiriwa kwenye duka kubwa. Siku moja anaitwa ofisini. Anakwenda kwa furaha, akidhani ni ile tuzo ya mfanyakazi bora wa mwezi. Kumbe anaachishwa kazi. Hana shahada, hawezi kupanda cheo, basi aende.

Hapo nilisimamisha muvi. Mwaka 2017, wakati wa uhakiki wa vyeti vya watumishi wa serikali, kaka yangu alirudi nyumbani na habari za namna hiyo. Dereva, darasa la saba. Hakughushi cheti cha mtu. Cha kidato cha nne hakuwa nacho tu. Kwa wiki nyingi aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, anaoga, anavaa koti la kazini, anakaa barazani. Ule uso wa Larry, wa mtu anayejitahidi kubaki na adabu mbele ya wanaomfukuza, mimi naujua.

Larry anaacha gari kwa sababu ya bei ya mafuta, ananunua skuta kuukuu kwa jirani, anajiandikisha chuo. Darasa moja ni la kuzungumza mbele ya watu, saa mbili asubuhi. Mwalimu wake, Mercedes, anayechezwa na Julia Roberts, amechoshwa na ndoa na amechoshwa na kazi. Wasipofika kumi somo linafutwa. Wapo tisa, na mwalimu ameshaanza kufungasha, ndipo Larry anaingia.

Wengi wanaitazama kwa ajili ya mapenzi ya hawa wawili. Mimi naona mapenzi ndiyo sehemu dhaifu. Yanakuja kwa haraka, na busu la kwanza linatoka kwa mwanamke aliyelewa. (Larry hakubali kuingia ndani usiku ule, anaondoka zake. Kwa hilo nilimheshimu.) Kilichonigusa ni mpangilio. Shule imetangulia. Mercedes hakumpenda mtu aliyekaa akisubiri kuonewa huruma, alimpenda mwanafunzi wake aliyetetemeka siku ya kwanza kisha akajifunza kusimama.

Kwetu tunapanga kinyume. Nimekuwa mjane mwaka wa sita sasa, nina miaka 47, na kila anayenitakia mema ana ushauri uleule: "Dada, shule ya nini umri huu? Tafuta mwenzio mzeeke pamoja." Wananipenda, najua. Lakini wananiona kama nyumba inayohitaji mpangaji. Sijakataa kupenda, na akitokea mtu mwema sitamfungia mlango. Nataka anikute na mambo yangu.

Kwa hiyo nasoma jioni. Kwa sisi tulioishia darasa la saba unaanza na mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, ukifaulu ndipo unafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hisabati inanitesa. Vijana wa bodaboda ninaosoma nao wananiita Mama, na ndio wanaonielekeza milinganyo, nami nawasaidia insha za Kiswahili.

Tuko wanane. Mwalimu ametuambia tukibaki hivi kodi ya chumba itamshinda. Juzi nilimwekea kaka ile filamu, akaitazama yote bila kusema neno. Jana jioni, nikimenya viazi, akaniuliza daftari la kurasa ngapi linatosha kwa kuanzia.