Herufi Sita

Picha iliingia kwenye simu saa tatu usiku, imepigwa kwa taa hafifu ya chumbani, na kabla sijaikuza nilishaona kichwa cha gitaa kimeandikwa "Fender" na basi. Hakuna neno la pili. Nikainuka kitandani nikakaa.

Kwa asiyejua: mwaka 1950 kiwanda cha Fender kule Fullerton, California, kilitoa gitaa la pikapu mbili, yaani vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, likaitwa Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ilikuwa tayari inauza ngoma zinazoitwa Broadkaster, ikapeleka telegramu ya malalamiko Februari 1951. Fender hawakutaka kesi, na wala hawakutaka kutupa stika walizokwisha kuchapa. Wakachukua mkasi, wakakata jina la modeli, wakabandika kilichobaki. Magitaa ya miezi hiyo michache, kabla jina la Telecaster halijashika, ndiyo wakusanyaji wanayaita Nocaster. Ukitajiwa bei yake unaomba maji ya kunywa.

Na hili la kwenye picha lilikuwa Magomeni.

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa sebuleni kwa mwenyewe, watu watatu: mimi, shemeji yangu, ambaye magitaa anayajua kwa kusoma, na fundi redio wa mtaani kwetu, ambaye kila kitu anakijua kwa kukifungua. Mzee alikuwa mpiga rithimu wa bendi ya dansi miaka ya sabini. Akalitoa gitaa chini ya kochi, limeviringishwa khanga, akaliweka mezani, kisha akaingia ndani kutafuta miwani.

Tukaanza na yanayoonekana. Kinga nyeusi iliyo chini ya nyuzi ina skrubu ngapi? Tano. Fender walianza kuweka nane mwaka 1959, kwa hiyo tano ni dalili njema. Tena skrubu zenyewe ni za mfereji mmoja, si za nyota. Darajani, vipande vitatu vya shaba ya njano, kila kimoja kimebeba nyuzi mbili. Ndiyo maana gitaa la aina hii ukilipatanisha uzi mmoja sawasawa, jirani yake analalamika. Namba ya gitaa, tarakimu nne, imegongwa juu ya bati la daraja lenyewe, si kwenye bati la nyuma linaloshika shingo ilikohamia baadaye. Mgongoni, vikombe sita vya chuma ambamo nyuzi zinapita. Nyuma ya shingo, ule mstari mweusi wa mbao unaoziba mfereji wa chuma cha kunyooshea. Unene wa mwili nikaupima kwa rula: sentimita nne na nusu, kama inavyotakiwa.

"Usitabasamu," shemeji akaninong'oneza. "Atapandisha bei."

Sasa nitaje na zile dalili nyingine, kwa sababu zilikuwepo, na tuliziona kwa macho yetu wenyewe.

Stika halisi ya miaka ile ilibandikwa juu ya vanishi, kwa hiyo ukipitisha kucha lazima ikwame kwenye ukingo wake. Kucha yangu haikukwama. Nikasema ni kwa sababu nimekata kucha jana. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi ukiimulika kwa taa ya kukagulia noti bandia huwa inang'aa kijanikijani. Hii ilibaki nyeusi kama sufuria. Shemeji akasema betri zimekwisha. Mwili wa Nocaster ni wa mti wa ash, na nyuzinyuzi zake zinaonekana wazi chini ya rangi ya samli. Hapa palipochubuka palikuwa pekundu. Tukakubaliana kwamba ni jasho la miaka mingi ya dansi. Kuhusu uzito, gitaa la namna hii huwa na kilo tatu na ushee. Fundi akalichukua hadi duka la jirani, akaliweka kwenye mizani ya unga, akarudi.

"Tano na robo."

"Mizani za maduka unazijua," nikamwambia.

"Mizani za maduka zinapunja," akasema fundi. "Lakini si kwa kilo mbili."

Nikatoa laki tatu za kishika uchumba. Mzee aliitwa, akahesabu mara mbili bila miwani, akatia kwenye mfuko wa shati, akarudi kuitafuta.

Kulifungua gitaa la namna hii kuna utaratibu, na sisi tuliufuata kwa heshima zote. Kwanza unalegeza nyuzi zote sita kidogo kidogo, si uzi mmoja mpaka mwisho halafu mwingine. Unatafuta bisibisi bapa inayojaza mfereji wa skrubu. Ikiwa nyembamba itateleza, na mkwaruzo mmoja kwenye kifaa halisi unakula thamani. Skrubu nne za shingo unazilegeza kwa mkingamo, nusu mzunguko kila moja, kisha shingo unainyanyua wima bila kuipindisha, la sivyo rangi ya ukingoni inabanduka. Lakini kabla ya shingo ni bati la swichi, skrubu mbili tu, kwa sababu humo ndimo vyeti vya kuzaliwa vilimo. Volyumu halisi zimegongwa namba inayoanza na 304, yaani zimetengenezwa na kampuni ya Stackpole, halafu tarakimu ya mwaka na mbili za wiki. Wakati mwingine unakuta pia kipande cha tepu ya karatasi chenye jina la mama wa kiwandani aliyeunganisha nyaya.

Fundi akaligeuza bati. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Hizi volyumu ni za redio," akasema. "Nazifahamu. Nimeshazibadilisha nyingi."

"Zilibadilishwa baadaye," shemeji akasema haraka. "Angalia tepu."

Na tepu ilikuwepo! Kipande cha manjano, kimekauka, kimeng'ang'ania ukutani mwa shimo. Moyo ulinidunda mpaka nikausikia masikioni. Tukawasha tochi ya simu. Kimeandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi za mkono: ZAITUNI.

Kimya kikapita.

"California kuna watu wa kila aina," akasema shemeji.

Tukaing'oa shingo. Kwenye kisigino cha Nocaster unatarajia tarehe kwa penseli na herufi za aliyeichonga. Maarufu kuliko zote ni TG, za Tadeo Gomez. Kisigino chetu kilikuwa na mhuri mdogo wa Japani. Lakini ndani ya shimo la shingo, pale rangi isipofika, mbao ilikuwa nyekundu tupu, tena vipande viwili vimegundishwa kama mkate, na juu yake mwandiko ule ule wa penseli: *Bi Zaituni, kitanda 5 kwa 6, ubao wa kichwani.*

Mzee akatokea, miwani usoni, akafurahi kweli.

"Ahaa, mmelifungua! Mbao ya mkongo hiyo, wanangu. Gitaa langu la Kijapani lilikaliwa na mpiga ngoma, ikabaki shingo tu na vyuma. Fundi seremala akanichongea mwili mwingine kwa kutazama picha ya gazeti."

"Na hiyo namba ya darajani, mzee?"

"Ya baiskeli yangu. Likiibiwa nilitambue."

"Na maandishi?" nikauliza, sauti imekwisha. "Mbona Fender peke yake?"

"Mwandika mabango alikuwa anatoza kwa herufi. Nilikuwa na hela ya herufi sita. Hiyo Telecaster ni kumi zaidi, ningezitoa wapi?"

Hapo ndipo alipoingia mkewe na sinia la chai. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akainama apate mahali pa kuweka sinia katikati ya skrubu, na macho yake yakatua kwenye lile shimo. Akasoma polepole. Akaweka sinia chini, sakafuni.

"Kitanda changu cha harusi," akasema. "Uliniambia ule ubao umeliwa na mchwa."

Mzee akavua miwani akaanza kuifuta kwa shati.

"Mkongo hauliwi na mchwa, mama," fundi akasema. Sijui nani alimwuliza.

Bi Zaituni akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati la mumewe, akatoa laki tatu zangu, akazifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akaubeba ule mwili kwapani, kilo zote, nyaya zikining'inia, akaingia nao chumbani. Tukabaki na shingo mezani na chai sakafuni, hakuna aliyenyoosha mkono.

"Ninyi wenye bisibisi," akaita kutoka ndani. "Njooni. Na mje na hizo skrubu nne."