Jukwaa la Vallecas Lilistahili Heshima

Wiki iliyopita, katika banda la mpira la mtaani kwetu, kijana mmoja alisema kwa sauti kwamba Vinícius Júnior, mchezaji mweusi wa Brazil anayechezea Real Madrid, hutukanwa kwa sababu anajitakia, na watu wazima wenye ngozi kama yake na yangu wakamwitikia kwa vichwa. Hakuna chenga wala shangilio linalompa mtu ruhusa ya kumtolea binadamu mwenzake milio ya nyani.

Hata hivyo, hasira yangu kubwa naielekeza kwa wasimamizi wa soka ya Hispania. Februari 2006, Samuel Eto'o, Mkameruni wa Barcelona, alipotaka kutoka uwanjani Zaragoza kwa sababu ya milio hiyo, alibembelezwa abaki na mchezo ukaendelea. Mei 2023, pale Mestalla, uwanja wa Valencia, Vinícius alimwonyesha mwamuzi kwa kidole waliokuwa wakimtukana. Mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa, ukaendelea, na mwishowe yeye ndiye aliyetolewa kwa kadi nyekundu, ingawa ilifutwa baadaye. Katikati ya matukio hayo, Desemba 2019, mchezo wa daraja la pili kati ya Rayo Vallecano na Albacete ulivunjwa wakati wa mapumziko kwa sababu mashabiki wa Rayo walimwimbia Roman Zozulya, Mukraine wa Albacete, kuwa ni mnazi. Rayo ilitozwa faini ya kama euro 18,000, na sehemu ya uwanja wake ikafungwa kwa michezo miwili.

Nakubali kwamba Zozulya alikanusha kuwa mnazi, na kwamba wimbo ule ulikuwa na tusi ambalo nisingependa mwanangu aliimbe. Lakini ujasiri wa kuvunja mchezo, uliokosekana Eto'o alipokuwa akiomba msaada, ulipatikana siku walipoimba watu wanaoupinga ubaguzi hadharani.

Vallecas, nyumbani kwa Rayo, ni mtaa wa wafanyakazi, kusini mashariki mwa Madrid, na Bukaneros, kikundi cha mashabiki wa Rayo wanaopinga ubaguzi, kimesimama katika jukwaa lake tangu 1992. Enzi hizo kipa wa Rayo alikuwa Mnigeria, Wilfred Agbonavbare, ambaye mashabiki wa Real Madrid walimwimbia jina la Ku Klux Klan, kundi la Kimarekani la wabaguzi wa weusi, pale Bernabéu, uwanja wao. Baada ya soka alibeba mizigo katika uwanja wa ndege wa Madrid, na saratani ikamchukua Januari 2015. Leo lango moja la uwanja wa Vallecas lina jina lake, na ukutani imechorwa sura yake pamoja na maneno ya kumshukuru kwa kuilinda Rayo na kwa kupambana na ubaguzi. Mashabiki wenyewe ndio walioidai kumbukumbu hiyo.

Juni 2024, mashabiki watatu wa Valencia waliomtukana Vinícius walihukumiwa kifungo cha miezi minane na kuzuiwa kuingia viwanjani kwa miaka miwili. Nimeipokea hukumu hiyo kwa furaha, ijapokuwa Hispania kifungo kifupi namna hiyo kwa kawaida hakimpeleki gerezani mkosaji wa mara ya kwanza. Lakini kamera humnasa mtu akiwa ameshatukana, ilhali aliyesimama bega kwa bega naye ndiye awezaye kumnyamazisha pale pale, na hatathubutu ikiwa jukwaa zima halimuungi mkono. Vikundi kama Bukaneros vimejenga jukwaa la aina hiyo kwa miaka mingi bila kulipwa na yeyote. Ligi ikae navyo meza moja, isikilize vinavyofanya kazi hiyo, na iache kuvihesabu pamoja na wale vinaopambana nao.