Alama ya nchi haikwambii mzigo utakwama wapi

Septemba 2021 Benki ya Dunia iliifuta ripoti yake iliyopanga nchi kwa wepesi wa kufanya biashara, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba takwimu za matoleo ya 2018 na 2020 zilikuwa na kasoro. Ripoti ilikwenda, mazoea yakabaki. Mpaka leo maofisa ununuzi wa makampuni wanawekewa mezani jedwali la tathmini ya hatari, kila nchi na rangi yake, kijani, njano au nyekundu, na uamuzi wa kununua wapi unafanywa hapo hapo.

Ukiniuliza mimi, jedwali hilo linajibu swali ambalo mnunuzi hakupaswa kuanza nalo. Nchi nzima haina hatari moja. Hatari inakaa kwenye bidhaa fulani, inayotengenezwa mahali fulani, na kupitia bandari fulani.

Chukua mafuriko ya Thailand ya 2011. Maji yaliyofunika maeneo ya viwanda ya Ayutthaya yalisimamisha utengenezaji wa diski kuu za kompyuta, na bei zake zikapanda dunia nzima. Viwanda vya diski na vya mota zake vilikuwa vimerundikana kwenye uwanda mmoja wa mto Chao Phraya. Anayepima utulivu wa kisiasa na kiwango cha rushwa hawezi kuliona hilo. Angeliona kama angefungua ramani na kuuliza kiwanda kiko wilaya gani, na jirani yake anatengeneza nini.

Tena si lazima nchi yenye hatari iwemo kwenye karatasi zako. Anayenunua chipu Taiwan au Korea Kusini hana mkataba wowote na Ukraine. Ila vita ilipoanza Februari 2022, takriban nusu ya gesi ya neoni ya kutengenezea chipu duniani ilikuwa inatoka kwa kampuni mbili tu, moja Mariupol na nyingine Odesa, na zote zikasimama. Waliookoka ni wale walioshtuka mapema, bei ya neoni ilipopaa mwaka 2014, wakaweka akiba na kutafuta wauzaji wengine. Kwa hiyo kabla ya kujadili uwezekano wa balaa, mimi ningeuliza: kiwanda hiki kikisimama leo, kupata kingine kutachukua wiki ngapi? Uwezekano hubishaniwa mpaka jioni, wiki zinahesabika.

Serikali imara nayo si kinga. Indonesia ilizuia kuuza nje mafuta ya mawese mwishoni mwa Aprili 2022, siku chache tu baada ya kutangaza, ili kushusha bei ya mafuta ya kula nchini mwake. Zuio lilidumu chini ya mwezi mmoja.

Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba tathmini hizi humhesabu mnunuzi kama mtazamaji. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana kwenye Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Benki iliyokuwa humo ikawaondoa wafanyakazi wake. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini kesho yake asubuhi, na jengo likawaporomokea. Walikufa zaidi ya watu 1,100. Baadhi ya viwanda vya humo vilikuwa vimeshakaguliwa kwa niaba ya wanunuzi, ila uimara wa jengo haukuwamo kwenye ukaguzi. Ghorofa za juu zilijengwa bila kibali, hilo ni kosa la pale pale. Lakini haraka ya kumaliza maagizo kwa bei ya kubanwa ilitoka mbali, kwa wanunuzi.

Mkataba wa usalama wa majengo uliosainiwa mwezi uliofuata ulifanya ambacho jedwali halifanyi. Uliwabana wanunuzi kisheria, ukapeleka wahandisi, matokeo ya ukaguzi yakawekwa hadharani, na wenye chapa wakatakiwa kuhakikisha fedha za ukarabati zinapatikana. Ndiyo maana ningetaka kila tathmini ya nchi iwe na ukurasa unaomhusu mnunuzi mwenyewe: anamlipa mwenye kiwanda baada ya siku ngapi, anabadilisha agizo mara ngapi likiwa tayari mashineni, na bei anayotoa inatosha kulipa mishahara na kutunza jengo au haitoshi.