Kikapu Tanga: klabu inampeleka mtoto chuo au inampotezea masomo?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Tanga mjini hurudi mabishano yale yale. Mzazi analalamika kwamba mtoto ameponzwa na kikapu: akitoka shule yuko uwanjani, akirudi yuko hoi, daftari halifunguliwi. Kocha wa klabu anajibu kwamba bila mazoezi kijana angekuwa kijiweni, na kwamba kikapu kinaweza kumfikisha chuo kikuu, hata Marekani. Wote wana hoja. Ila hiyo ya Marekani kocha anaitoa kwa wepesi mno.

Mfano unaotajwa kila mara ni Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kati ya wote walioingia NBA mwaka huo. Ni kweli tupu, na ni fahari yetu. Lakini Thabeet ana urefu wa zaidi ya mita 2.2, na kabla ya chuo alisoma sekondari huko huko, Houston, ambako makocha wa vyuo walikuwa wanamwona akicheza. Hakuruka kutoka klabu ya mtaani hadi chuoni.

Hata kwa wenyeji nafasi ni finyu. Wavulana zaidi ya nusu milioni hucheza kikapu katika sekondari za Marekani; wanaofika vyuo vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya huko, hawafiki wanne kwa kila mia, na Divisheni ya Kwanza, ngazi yake ya juu, ni kama mmoja tu. Wengi wao hupitia klabu zinazozunguka kwenye mashindano, hasa Aprili na Julai, siku ambazo kanuni zinawaruhusu makocha wa vyuo kwenda kuwatazama. Mtoto wa Makorora, hapa Tanga, siku hizo yuko Makorora. Na tangu 2021 mambo yamebana zaidi: mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza msimu unaofuata bila kukaa nje, kwa hiyo kocha mwenye nafasi moja mara nyingi humchukua mtu wa miaka 21 aliyekwisha kupimwa, si mgeni wa miaka 18. Divisheni ya Tatu haitoi kabisa ufadhili wa michezo.

Kisha kuna darasa. Divisheni ya Kwanza inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari yenye wastani usiopungua 2.3 kati ya 4. Kijana aliyepata sifuri kidato cha nne, hata afunge pointi 40 kila mechi, hapo hapiti. Huku nyumbani nako ni vivyo hivyo. Vyuo vikuu vyetu vina michezo yao, lakini udahili ni kwa ufaulu, Bodi ya Mikopo haiulizi umefunga pointi ngapi, na Samia Skolashipu inawaendea waliong'ara katika sayansi kidato cha sita.

Mzazi akiishia hapo atasema ameshinda. Mimi sikubali, kwa sababu wanaomfungulia mtoto njia ya chuo pale uwanjani ni watu anaokutana nao. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inakuja mara moja kwa mwaka na kuondoka. Klabu iko wiki nzima. Pale kidato cha pili anacheza na mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo, na baada ya mazoezi, wamekaa ukingoni mwa saruji wanafungua viatu, anamuuliza alichagua tahasusi gani, aliombaje mkopo, hosteli ikoje. Kwa mtoto ambaye kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo, mazungumzo hayo hayapatikani kwingine. Kocha mwenye akili anaweza kuyafanya kuwa sehemu ya klabu: asiyeleta ripoti ya shule hachezi Jumamosi. Mtoto anayempuuza mwalimu wa hesabu hatapuuza kukaa benchi.

Kwa wasichana nina uchungu zaidi. Mwaka 2017 shirikisho la dunia, FIBA, liliruhusu hijabu katika mechi rasmi, kwa hiyo kisingizio cha mavazi kimekwisha. Kilichobaki ni giza la magharibi. Uwanja hauna taa, binti anarudi kwa miguu gizani, na mama anamkataza, na mama yuko sahihi. Wakipewa uwanja saa tisa na nusu, wavulana wakasubiri, tatizo hilo linapungua bila kuomba msaada wa mtu.

Mchezo wenyewe pia usemwe ukweli. Viwanja vyetu vingi ni saruji ya nje. Mpira unalika mpaka vipele vyake vinaisha, na kusi ikivuma kutoka baharini vijana wanaacha kurusha kwa mbali, wote wanaingia ndani. Kocha wa chuo anatafuta mrushaji. Naye ataomba video ya mechi nzima, wala si ile ya dakika moja yenye muziki na danki tatu. Simu moja juu ya stuli, ikiona uwanja wote, inatosha, lakini lazima kuwe na mtu aliyepewa kazi hiyo kila mechi.

Na kuna makaratasi. Jina la cheti cha kuzaliwa, la cheti cha shule na la pasipoti yawe moja, herufi kwa herufi. Kurekebisha mapema, mtoto akiwa kidato cha kwanza, ni usumbufu mdogo. Kurekebisha wakati chuo kinasubiri majibu ni kuipoteza nafasi. Klabu isiyo na faili la kila mchezaji haijaanza kazi ya kumpeleka mtu chuo, hata kama ina makombe kabatini.

Akija wakala anayetaka hela kwanza, eti ya viza na nafasi ya shule Marekani, mzazi aombe jina la shule hiyo, aiandikie mwenyewe, na asitoe shilingi mpaka shule yenyewe imjibu. Wapo vijana wa Kiafrika waliofikishwa huko wakakuta shule si ile waliyoahidiwa, wakabaki bila karatasi halali. Kocha ndiye wa kumzuia wakala huyo getini, maana mtoto akisikia neno Marekani hatazuilika tena.