Siuzi, nachezea tu

Mjomba alishuka kutoka Newala leo na kiroba cha makopa, akanikuta barazani nimepiga magoti, mikono myekundu mpaka viwikoni, nagandamiza nusu ya muhogo mbichi kwenye karatasi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Unafanya nini tena hapo?"

Nikamwonyesha. Daftari lenyewe ni kaunta buku la kwaya tatu, limevimba kama andazi kwa gundi na rangi, hata kufungika halifungiki. Akafunua kurasa mbili tatu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayechungulia kidonda cha mwenzie. Kisha akauliza lile swali ambalo hapa Chikongola, Mtwara mjini, nimeshaulizwa na kila anayepita barazani: "Sasa haya utauza wapi?"

Siuzi. Na nikiulizwa mimi, swali hilo limetudumaza huku kusini kuliko uhaba wa rangi na brashi. Mtoto akichora, anaulizwa itamsaidia nini. Mtu mzima akichora, anaulizwa bei. Katikati hapo hakuna anayebaki anachora kwa sababu tu mkono unamuwasha.

Mjomba ni mchongaji, ndiyo maana swali lake liliniuma zaidi. Amepiga patasi kwenye mpingo tangu ujana, na miaka mingi alichonga kwa oda: mfanyabiashara anataka vile vinyago vya watu waliopandana mabegani, kumi na viwili, urefu mmoja, sura moja. Aliwahi kuniambia kwamba akifika cha nane mkono unajua njia wenyewe, yeye anawaza palizi. Simcheki. Vinyago vile vimelipa ada za binamu zangu. Lakini kabla ya kinyago cha dukani Wamakonde walikuwa na lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani ngomani, kilichochongwa kwa mti mwepesi kwa kuwa kuna mtu atacheza nacho usiku kucha na shingo ni yake. (Mimi ni mwanamke, ya ndani ya ngoma ile hayanihusu, naishia hapo.) Kilichongwa kichezwe.

Kuna kisa kingine huwa nakikumbuka nikiwa na penseli mkononi. Mwaka 1906 alipita huku Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, akatoka Lindi mpaka Masasi na Newala. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa. Alikuja kukusanya vitu vya watu na habari zao, na katika shughuli zake akawa anawapa wapagazi na wenyeji karatasi na penseli wachore wanachotaka. Wakachora. Michoro ikaenda Ujerumani ikachapishwa, na aliyepata jina ni yeye, hilo nalijua. Lakini mimi namuwazia yule mpagazi aliyeshusha mzigo kichwani, akakabidhiwa kijiti kinachotoa mstari mweusi. Mstari wa kwanza kabisa aliuvuta kuelekea wapi?

Basi daftari langu ni la namna hiyo. Mwenyewe naliita daftari la fujo. Nabandika kurasa mbili mbili ziwe nene, halafu nazitesa. Mwanzoni gundi nilipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, uji mzito kidogo, unabandika vizuri tu. Tatizo siyo mimi peke yangu niliyeupenda. Asubuhi moja nilikuta mstari wa sisimizi kutoka dirishani mpaka kwenye daftari, na mende walikuwa wameshatoboa ukurasa wa bahari matundu saba. Nikahamia gundi nyeupe ya maseremala. Matundu nikayaacha, nikapaka rangi ya machungwa ukurasa wa nyuma yake, na sasa bahari ile ina taa saba za wavuvi wa usiku. Ndio ukurasa wangu bora mpaka leo, na nusu ya kazi wamefanya mende.

Kwa mikwaruzo na vinundu sihitaji duka. Mjomba huniletea udongo mwekundu wa Newala, maana huku mjini kwetu tumekaa juu ya mchanga. Nauchekecha kwa kipande cha kanga kuukuu, nauchanganya na gundi, naupaka kwa kadi ya zamani ya benki, halafu kabla haujakauka napitisha kitana. Au nalaza kipande cha gunia la korosho juu yake, nakanyaga, navua. Alama za nyuzi zinabaki zote, hata pale mshonaji wa gunia alipokosea. Ukili wa mkeka nao unatoa mistari mizuri ya mshazari, ila uloweshe kwanza, ukiwa mkavu unanyonya rangi yote.

Rangi ni ya maji, ile ya ukutani. Fundi akimaliza nyumba ya mtu nakwenda kuomba kilichobaki kwenye kopo. Kuna wanaosema hiyo siyo rangi ya sanaa. Edward Saidi Tingatinga, jirani yetu wa Tunduru, alichora kwa rangi ya kupakia baiskeli kwenye vipande vya mbao laini za dari, na jina lake leo ni jina la mtindo mzima. Alitumia kilichokuwepo. George Lilanga naye, mtoto wa Masasi aliyezaliwa mwaka 1934, alichonga, akapaka, akachora mpaka kwenye ngozi ya mbuzi. Sidhani kama alikaa kujiuliza yeye ni wa mbao au wa rangi.

Ila utamu wote uko kwenye kuchapa.

Nilianza na kitu ambacho hakikunifaa. Kwenye simu niliona wanawake wa Ulaya na Marekani wakichapa kwa bamba la jelatini, ule ute wa ngozi na mifupa unaoganda: unapaka rangi kwa rola juu ya bamba, unatandaza majani, unalaza karatasi, unasugua kwa kiganja, unavua. Jani linabaki na mishipa yake yote, kama limepigwa picha. Nikatafuta jelatini, nikasoma kopo mara tatu kuhakikisha ni ya ng'ombe, nikaichemsha na glisirini, nikaimwaga kwenye sinia, nikaiweka kwenye friji ya jirani. Ikaganda vizuri mno, inatikisika kama shavu la mtoto mchanga. Nikachapa jani la mwembe, nikapiga kelele mpaka mama akatoka. Jani la pili, la mpapai. Sasa, jelatini huanza kulegea joto likipita nyuzi 30 hivi, na hii ilikuwa Januari, Mtwara, saa saba mchana, umeme umekatika. (Gesi ya kuzalishia umeme, ile ya Mnazi Bay, tunayo sisi, lakini tuyaache.) Nilipogeuka kuchukua jani la tatu bamba lilikuwa limeanza kutoa jasho. Nilipolaza karatasi ikazama. Nikabaki na mchuzi wa bluu na jani la mkorosho likielea ndani yake kama mtumbwi.

Mchuzi ule nikaumwagia ukurasa. Ulikauka ukapasuka-pasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, ukapendeza, kisha baada ya wiki ukabanduka wote.

Tangu hapo bamba langu ni kipande cha kioo cha dirisha, kingo nimezizungushia utepe nisijikate. Kioo hakina ule ulaini, jani nene halikubali, lakini hakiyeyuki. Nachapa jioni jua likishapungua, kwa sababu mchana rangi inakauka kabla hujaokota karatasi, na natia tone la glisirini ichelewe kidogo. Karatasi ya kwanza huwa nzito na chafu. Ninayoingoja ni ya pili, ile ya mabaki, unapodhani rangi imekwisha: inatoka kama ukungu wa alfajiri kule Mikindani.

Muhogo ni rahisi kuliko vyote. Ukate uwe bapa, uukaushe kwa kitambaa maana una maji mengi, chonga pembetatu tatu kwa kisu kidogo, chovya, piga. Unadumu siku moja, kesho umeshasinyaa na pembetatu zimepinda, na hizo zilizopinda mimi nazipenda zaidi. Bibo, tunda la mkorosho, nalo nimelichapa msimu uliopita: ukilikata kati na kuligandamiza unaona kama maji tu, halafu taratibu linageuka kahawia, na kila aliyewahi kuvaa shati jeupe shambani anajua doa lile halina dawa. Kitu kimoja tu nakataza, korosho mbichi yenye ganda. Mafuta yake yanababua ngozi, siyo ya kuchezea, hasa kama kuna watoto barazani. Wino wa ngisi nilijaribu mara moja. Una weusi mzuri wa kuelekea kahawia, lakini daftari lilinuka kama soko la samaki la feri wiki nzima na paka wa mtaa wakahamia kwangu.

Nilimweleza mjomba haya yote, hata ya mende. Akasikiliza huku akila chungwa. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo siku nzima hii, na hupati kitu."

"Napata ukurasa, mjomba."

"Ukurasa haunywi chai."

Ni kweli haunywi. Sikubishana, mtu hashindani na mjomba wake, na mimi sina shida ya kumgeuza. Ninachokataa ni kulibandika daftari hili bei ili liruhusiwe kuwepo. Nikianza kuuza, najijua: nitachapa tembo, nitachapa machweo na mnazi ulioinama, kumi na mbili, urefu mmoja. Matundu ya mende sitayataka tena.

Alipokwenda kuswali Alasiri nikarudi kwenye kazi niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimepata soli ya ndala nyuma ya mlango, nikaikata kwa wembe samaki mdogo, magamba yake vijimstari vya nusu mwezi, jicho nimelitoboa kwa msumari wa moto. Ndala ndiyo mhuri bora kuliko wowote niliowahi kuutumia: laini kukata, haunyonyi rangi, na kila ukipiga, ule mchakao wa kisigino unatokea na wenyewe, wimbi dogo tumboni mwa samaki. Nimewapiga kumi na tisa juu ya ule udongo wa Newala, wa bluu, wote wanaelekea kushoto isipokuwa mmoja niliyemshika vibaya.

Rangi haijakauka bado. Mama ameshaingia chumbani mara mbili, anauliza nani kaona ndala yake ya kulia.