Kamua kwanza, ndipo utie pipani

Masika iliyopita nusura nigombane na mtaa mzima kwa sababu ya pipa la mboji. Hapa Ngamiani, Tanga, nyumba zimebanana. Ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Nilikuwa natupia humo kila kitu: maganda ya machungwa ya Muheza, matikiti, mashina ya mchicha, kiporo cha wali. Wiki ya pili pipa likanuka mayai viza, chini linachuruzika maji meusi, juu funza tele.

Mmoja akanishauri ninunue dawa ya harufu, mwingine pipa jipya lenye koki. Bibi wa nyumba ya pili ndiye aliyenimaliza: "Mwanangu, nazi waijua kuikamua, takataka ndizo zakushinda?"

Alikuwa ananikejeli, lakini ndilo jibu lenyewe. Zaidi ya robo tatu ya maganda na mboga ni maji tu. Ukiyarundika, maji hujaza mianya ya kupitisha hewa, na oksijeni hupenya majini polepole mno, kama mara 10,000 kuliko hewani. Vijidudu vinavyotaka hewa hufifia, vikashika zamu vile visivyoihitaji, na uvundo ndio kazi yao.

Wapo wanaosema anika juani. Labda Dodoma. Tanga wakati wa masika ukianika asubuhi, jioni unaanua ukungu, kama kunguru hawajakutangulia.

Mimi sasa nakatakata maganda, nayalaza usiku kwenye ndoo iliyotobolewa chini, kisha nayakamua kwa kifumbu kikuukuu cha kukamulia nazi (kimestaafu jikoni, msije mkaukimbia wali wangu wa nazi). Maji yake nayazimua sana nikamwagia mgomba. Ya mabaki yenye chumvi, hapana. Makapi nachanganya na maranda ya seremala na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Halafu nashika konzi moja na kuibana: ikitoa tone moja au mawili, basi, hapo unyevu uko kwenye asilimia 50 hadi 60. Ikichuruzika, naongeza maranda. Wala usikaushe kupita kiasi, chini ya asilimia 40 mboji inalala.

Pipa ni lilelile la zamani. Bibi naye siku hizi ananiletea machicha yake ya nazi kwenye bakuli, na kila mara ananikumbusha kwamba yeye keshayakamua.