Ramani ya Mwenda kwa Miguu Kigoma: Kipi Kichorwe, Kipi Kiachwe

Mtu anayeshuka treni katika stesheni ya Kigoma na kutaka kwenda kwa miguu hadi Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana hapo mwaka 1871, ana safari isiyopungua kilomita 6 mbele yake. Kumtengenezea ramani ya karatasi moja si kazi ya idara za serikali peke yake tena, kwa kuwa data za OpenStreetMap, mradi wa ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, hupatikana bure kwa yeyote atakayetaja chanzo, na programu za kutengenezea ramani kama QGIS huzipanga kwa matabaka: barabara tabaka lake, majengo lake, vijito lake. Kuchora kumekuwa rahisi. Kazi iliyobaki ni kuamua tabaka lipi lionekane na lipi lifichwe.

Wapo wanaoshikilia kwamba kila kilichokwisha kurekodiwa kionyeshwe, na hoja yao si ya kupuuzwa. Ramani nyingi za miji yetu zimezoea kuonyesha barabara za lami, ofisi na hoteli, huku mitaa ya watu wa kawaida ikiachwa kama uwanja mtupu, hata mgeni akadhani kwamba nyuma ya barabara kuu ya Ujiji hakuna kitu, ilhali maisha ya mji ule yamo vichochoroni: bomba la maji, msikiti, kibanda cha fundi cherehani, baraza la wanaocheza bao. Isitoshe, kila kichochoro kilichomo kwenye data ni jasho la mtu aliyejitolea kukichora, na kukifuta kwa kubofya mara moja kuna harufu ya dharau.

Lakini karatasi ina ukomo wake. Ili stesheni na Ujiji zienee katika karatasi ya A4 iliyolazwa, kipimio kinachofaa ni 1:25,000, ambapo sentimita 1 ni meta 250 na karatasi nzima hubeba takriban kilomita 7 kwa 5. Kwa kipimio hicho kichochoro chenye upana wa meta 2 kingekuwa mstari wa milimita 0.08, ambao jicho huuona kwa shida. Ukiunenepesha hadi milimita 0.4 ili usomeke, umekwisha kumeza meta 10 za ardhi, pamoja na kuta za nyumba za pande zote mbili. Alama ya msikiti ya milimita 3 hufunika meta 75. Ukiweka vyote, Ujiji inageuka doa la wino. Kipimio cha 1:10,000 kingelimaliza tatizo hilo, ila kingezaa jingine, kwani A4 moja hapo haifiki kilomita 3 kwa urefu wake, na mtembezi atabaki kupekua karatasi kadhaa juani.

Mimi naegemea upande wa kupunguza, ingawa si kwa kigezo kinachotumiwa mara nyingi, yaani ukubwa au umashuhuri wa kitu. Mwenda kwa miguu huhitaji msaada pale anaposimama na kusita, penye njia panda. Kwa hiyo mwembe mkubwa uliopo mahali njia zinapogawanyika unastahili alama kuliko hoteli ya ghorofa iliyo katikati ya mtaa ulionyooka, hata kama mwenye hoteli angefurahi zaidi. Ukiuliza njia Kigoma, mara nyingi hutajiwi jina la mtaa. Unaambiwa ushuke mpaka kwenye mwembe, kisha ukiona kijiwe cha bodaboda ukate kushoto. Kijiwe huhama, kwa hiyo nakiacha. Mnara wa simu, ambao wachoraji huuondoa kwa kuwa hauna mvuto, ningeubakiza, maana ukiwa kilimani huonekana kutoka mbali na kumrudisha mtu kwenye uelekeo. Mistari ya kontua, inayoonyesha kimo cha ardhi, ya kila meta 20 inatosha. Mpandaji wa mlima wa kwenda Mwanga, hapo hapo mjini, ataujua kwa magoti yake.

Njia za miguu ndizo zinazonitatiza zaidi. Katika data, njia inayokatiza uani kwa watu inaweza kuandikwa sawasawa na njia ya mtaa, ilhali jirani apitaye hapo hupiga hodi, akamwamkia bibi anayepeta mchele na kuulizwa habari za nyumbani. Mgeni mwenye ramani mkononi atapita kimya akidhani ni haki yake. Njia hizo nazifuta, nikikubali kwamba atazunguka kwa lami na kuchelewa.

Ufukweni uamuzi ni mgumu kwa sababu nyingine. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 2020, yalimeza sehemu za pwani, na mstari wa ziwa uliofuatishwa kutoka picha ya setilaiti huonyesha maji yalipokuwa siku picha ilipopigwa. Kuifuta kabisa njia ya kandokando ya maji kuelekea mwalo wa Kibirizi, wanakopandia boti za kwenda hifadhi ya Gombe, ni kumnyima mtembezi mandhari. Kuichora kama njia ya kudumu ni kumdanganya. Ningeichora kwa nukta, na katika ufunguo wa ramani, pembeni ya nukta hizo, niandike mwezi na mwaka nilioipita kwa miguu yangu mwenyewe.